Matone ya Haraka

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kliniki ya macho huku Kayole, apimwe kabla ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Asubuhi muuguzi alimtia matone ya kupanua mboni, huku akijigamba: "Yale ya zamani mlikuwa mnangoja mpaka mnasinzia. Haya mapya ni chapchap!"

Kweli, punde si punde mboni zikapanuka. Daktari naye akatoka kwenda kunywa chai.

Alirudi saa kumi jioni akichokonoa meno, akammulika shangazi kwa tochi, akaguna. "Mboni zimeshajifunga. Sista, mtie tena."

Wataalamu wameiharakisha dawa, lakini chai ya daktari hawajaigusa.

Shangazi akajipangusa macho kwa leso. "Sista, macho yangu hayajachelewa. Hayo matone ya haraka mpake daktari miguuni."