Kunde za Bibi na Bomba la Pamba

Juzi sokoni Bariadi muuza mboga alinikuta nanusa fungu la mchicha wake. "Mayu, mama yangu, huo ni mchicha, si samaki," akasema, na wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikalipa, nikaondoka. Sikuweza kumweleza pale. Wewe nitakueleza.

Nilikuwa na miaka tisa, nikiishi Nkololo na baba, nyumbani kwa bibi, mama yake. Nyuma ya nyumba bibi alikuwa na bustani ya kunde. Wakati wa mvua tulikula majani mabichi kwa karanga. Mengine aliyachemsha, akayaanika juu ya mawe mpaka yakawa makavu na meusi, ndiyo nsansa tuliyokula kiangazi chote. Wake za watu walikuja kwake kuomba mbegu na kuuliza anafanyaje. Jambo hilo alilipenda, ingawa hakulisema.

Mwaka ule vidukari viliingia, vyeusi, vimeshikana chini ya majani kama masizi ya chungu. Kila asubuhi kabla ya shule nilitakiwa kugeuza jani moja moja na kulinyunyizia majivu umande ukiwa bado haujakauka. Bibi alizoea kusema majivu yanataka mtu asiye na haraka. Mimi nilikuwa nayo. Mara mbili nilichelewa shule, na mwalimu alinichapa nikiwa na vidole vya kijivu, darasa zima likitazama.

Jumamosi moja baba alikwenda mnadani Lalago, na bibi akaenda kisimani. Bomba la baba la kupulizia pamba lilikuwa limeegemezwa ukutani, dawa kidogo imebaki chini. Sikuweza kulibeba mgongoni, nikaliburuta. Nilipulizia mistari yote, upepo ukinirudishia usoni. Kisha nikalirudisha mahali pake, nikawafuata mbuzi.

Niliporudi alasiri, shangazi alikuwa amefika kututembelea na mtoto wake aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kula ugali. Shangazi alikuwa nyuma ya nyumba anaoga. Bibi alikuwa jikoni, mtoto yuko mapajani, chungu cha kunde kinachemka. Msimu huo nyumba nzima ilinuka dawa ya pamba, basi hakuna pua iliyoshtuka.

"Vimekufa vyote," bibi akaniambia, uso umemng'aa. "Majivu yako yamefanya kazi."

Nilikaa karibu na mlango. Nilijiambia kwamba moto umeiua dawa, kwamba bibi ameosha majani. Bibi akaipua chungu, akamega tonge dogo, akalichovya kwenye mchuzi, akalipuliza lipoe. Mtoto akafumbua mdomo.

"Bibi, usimpe."

Mkono wake ukasimama. Aliniuliza kwa nini. Nikaficha mikono nyuma. Akalitupa tonge motoni, akamweka mtoto chini, akavuta mikono yangu na kuinusa. Kisha akanusa gauni langu.

Nilisubiri fimbo. Bibi alinivua gauni palepale, akanisugua kwa sabuni toka kichwani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilikuwa nahofia chungu. Yeye alikuwa ananihofia mimi. Mpaka jua linazama alikuwa akinishika kidevu, akinitazama macho, akiniuliza kama kichwa kinauma. Shangazi aliambiwa mboga imeungua. Tukala ugali kwa maziwa.

Kesho yake aling'oa kunde zote, hata zilizokuwa na maua, akazifukia kwenye shimo refu mbuzi wasizipate. Baba aliporudi akauliza kulikoni.

"Wadudu," bibi akasema.

"Si nilikwambia, mama? Majivu ni mambo ya kizamani. Ungeniachia nipulizie kidogo tu, ungekula mboga."

"Wamenishinda," bibi akajibu, akaendelea kupepeta mtama. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Kiangazi kile hatukuwa na nsansa. Majirani waliacha kuja kuuliza anafanyaje. Walikuja kumpa pole, na yeye akaipokea.

Bibi amefariki mwaka huu. Ilipokuwa bustani sasa kuna banda la pikipiki, na mawe ya kuanikia yametumika kujengea msingi. Watoto wa nyumba ile nsansa hawaijui. Msibani baba alisimulia sifa za mama yake, akafika kwenye mwaka ule wadudu walipomshinda, na watu wakatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuwa nimekaa mkekani, nikainama.

Haya nimeyaandika kwanza, nisije nikaogopa tena. Jumapili nakwenda Nkololo kumwambia baba kwamba mama yake hakushindwa.