Namba ya Magunia Sita

Mbegu za karanga za mama niliziacha kwenye stesheni ndogo upande wa Nyunzu, magunia sita, zije kwa treni ya mizigo. Mimi nilirudi Kalemie kwa lori. Namba ya mzigo sikuiandika. Miaka ile kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na askari anayependa kusoma, na karatasi aliyoipenda hairudi. Kwa hiyo niliipima namba mara mbili, kama ninavyopima kila kitu. Iligawanyika kwa tisa bila kubakiza, ikagawanyika na kwa kumi na moja vilevile. Tarakimu zenyewe nilizisahau kabla ya Niemba. Yale majibu mawili hakuna aliyeweza kuyapekua.

Mvua ikaanza. Mama alikuwa amekwisha kulima, na kila jioni aliniuliza swali lilelile. Karanga zisipopandwa juma lile, mwaka mzima hatuna kitu. Miguu yangu ilishazoea kwenda stesheni bila mimi.

"Papa, namba yako njo hii," karani alisema, akinionyesha alichonakili kutoka kwenye telegramu ya stesheni ile ndogo: 4 079 214. "Ghalani haiko."

"Umenakili vibaya."

"Nimefanya preve ya tisa. Imetoka sawa."

Preve hiyo ya kuhakiki namba mapadri walitufundisha sote: jumlisha tarakimu, na jumla ikigawanyika kwa tisa, kama ishirini na saba hii, tisa imeridhika. Lakini kujumlisha hakujali nani yuko mbele ya nani. Tarakimu mbili zikipishana, tisa inakuitikia tu, kama mlinzi anayefungulia kila mtu. Kumi na moja ni mkali zaidi. Unachukua ya kwanza, unatoa ya pili, unaongeza ya tatu, unatoa ya nne, mpaka mwisho. Ukipata sifuri au kumi na moja, namba inagawanyika. Ile ya karani ilitoa saba.

"Waulize tena kwa telegramu," nilisema.

"Waya umekatwa."

"Basi mkono wako ulichoka, ukageuza tarakimu mbili zinazofuatana. Ziko jozi sita. Tujaribu zote."

Alitazama daftari la ghala, zito kama tofali. "Nitalifungua mara moja. Mgongo wa mara sita sina."

"Mara tatu."

"Moja."

"Mbili, na ya pili ni ya mama."

"Umusalimie mama. Moja."

Nilikaa kwenye benchi nikageuza jozi moja baada ya nyingine, kisha nikarudia zote sita tangu mwanzo. Moja tu ilikubali, ile ya saba na tisa. 4 097 214: nne, toa sifuri, ongeza tisa, toa saba, ongeza mbili, toa moja, ongeza nne. Kumi na moja.

Karani alifunua kurasa, akasimamisha kidole kwenye mstari mmoja, akachukua funguo. Mzigo ulikuwa ghalani siku kumi na mbili. Hakuomba msamaha, nami sikuudai. Sote tulikuwa tumechoka.

Paa la ghala lilikuwa linavuja. Nilipofikisha mzigo nyumbani, mama alitia mkono kwenye gunia la kwanza, akatoa karanga yenye mkia mweupe.

"Hizi zilichoka kukungoja," alisema.

Magunia mawili yalikuwa yamechipua. Manne tuliyapanda kesho yake. Mistari nilikuwa naihesabu mara mbili, na tulipofika wa tatu mama akaniambia ninyamaze, nishike jembe.