Lenzi ya Marcellin, Hadubini ya Jean-Claude

Saa moja na robo asubuhi, soko kuu la Bunia halijajaa, na Marcellin Uyirwoth amekwisha kukaa mezani pake. Mbele yake ipo mizani ndogo ya mnunuzi wa dhahabu, sahani moja imelala upande. Anaipuliza vumbi, anaigusa kwa ncha ya koleo, anasubiri itulie. Hii ni kazi ya pumzi: fundi akihema vibaya, mizani inasema uongo.

Pikipiki inapita polepole. Anayeiendesha ananyanyua mkono kusalimu. Marcellin anaitikia kwa kichwa, kisha anakisindikiza kisogo cha yule mtu kwa macho mpaka kinapotea kwenye kona.

"Ule ni Jean-Claude," anasema bila kuulizwa. "Iko na mikroskope yangu."

Tuseme ukweli mapema: hadubini hiyo si yake, na hajawahi kuimiliki hata siku moja. Lakini anayetaka kumjua Marcellin aanzie hapo.

Ana miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa upande wa Mahagi, fundi wa mizani na miwani. Siku njema humpa faranga elfu ishirini. Siku mbaya hurudi nyumbani na koleo lake tu. Kinachobaki baada ya unga na ada za shule hununulia vyombo vya kale vya wanasayansi na waganga: dira za shaba, vipimo vya presha vya zebaki, sindano za kioo ndani ya visanduku vyake. Anavyo arobaini na kimoja, kila kimoja kimevishwa kitambaa, chini ya kitanda na juu ya kabati.

Mkewe, Carine, anakumbuka mwaka waliokimbia mapigano. Majirani walibeba magodoro na masufuria. Marcellin alibeba kichwani darubini ya wapima ardhi.

"Watoto walilala kwa udongo," anasema Carine. "Ile chuma ililala ndani ya blanketi."

Leo anacheka. Wakati ule hakucheka, na mumewe anakiri kwamba alisemwa njia nzima.

Jean-Claude ni fundi redio, naye hukusanya vyombo. Zamani walikuwa chanda na pete. Mmoja akisikia kwamba Ariwara kuna mtu anauza kipimo cha ajabu, alimwambia mwenzake kabla hajanywa chai. Ugomvi uliwaingilia kwa mlango wa zahanati moja ndogo, barabara ya Komanda.

Miaka minne iliyopita zahanati hiyo ilikuwa ikitoa vikorokoro stoo ili ipake chokaa. Marcellin alifika wa kwanza. Katikati ya vitanda vilivyovunjika alikuta hadubini nzito, haina lenzi ya chini, imepakwa rangi ya mafuta ya kijani, ile ile ya vitanda. Aliinyanyua, akaiona chuma cha juzijuzi tu, akairudisha chini. Akanunua sindano zake za kioo akaondoka akijipongeza. Kisha akafanya wema, na wema huo ndio unaomtafuna mpaka leo: alimpitia Jean-Claude akamwambia kule kumebaki takataka, kama anataka aende.

Jean-Claude alikwenda. Aliukwaruza mguu wa ile hadubini kwa ufunguo wa pikipiki. Chini ya kijani palikuwa na shaba tupu, na juu ya shaba palichongwa namba na mwaka. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Rangi ile ilipakwa na Mama Scholastique, muuguzi mstaafu wa zahanati hiyo mwenye miaka sabini na tisa, aliyeitumia hadubini hiyo zaidi ya miaka ishirini kutafuta ugonjwa wa malale katika damu za watu. Wakati wa vita aliichomoa lenzi akaificha nguoni, kisha akaipaka hadubini rangi ya vitanda ili wenye bunduki waione chuma chakavu. Waliingia chumba ilimokuwa mara mbili. Walichukua dawa na magodoro, yenyewe wakaiacha.

"Wezi walidanganyika sababu hawajue vyombo," anasema Marcellin. "Na miye? Miye ninajua vyombo. Nilidanganyika sawa na wezi."

Tangu hapo wivu ulimwandama. Kanisani, Jean-Claude akikaa benchi mbili mbele, Marcellin hasikii mahubiri. Ameuungama wivu huo mara tatu. Padri alimpa sala, akasali zote, akatoka nje, akamkuta mwenzake anaiwasha pikipiki, na moyo ukaanza upya.

Halafu bahati ikamtembelea naye. Miaka miwili iliyopita, Mahagi-Port kando ya ziwa, alinunua kwa muuza samaki kopo la vioo vya miwani. Ndani yake kulikuwa na kichupa cha shaba, na ndani ya kichupa lenzi. Aliisoma namba, akakaa chini palepale kwenye mchanga. Ilikuwa ile ile ya mguu wa hadubini, naye aliijua kwa moyo, maana Jean-Claude alikuwa ameitaja kwa majivuno mara zisizohesabika. Mama Scholastique alikuwa ameipoteza akikimbilia ziwani.

Siri haikukaa. Jean-Claude alikuja nyumbani na dira yake nzuri kuliko zote, wabadilishane. Akakataliwa. Akaja na dira na kipimo. Akakataliwa. Mwishowe akapendekeza hadubini nzima ikae miezi sita kwake, miezi sita kwa Marcellin. Hilo nalo lilikataliwa, na Marcellin hafichi sababu: angeweza kulala vipi ile miezi sita ya mwenzake?

Basi mmoja akawa na mwili, mwingine akawa na jicho, na chombo hakikuona kitu.

Mwezi wa tano mwaka huu, Mama Scholastique aliwaita wote wawili. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa kwa mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linafunga. Alitaka kutazama ndani ya hadubini yake kabla halijafunga kabisa.

Siku tisa Marcellin alitafuta visingizio. Alisema ana kazi nyingi. Alisema lenzi ina ukungu. Carine alimsikiliza mpaka akachoka, akamwambia kwamba darubini aliibeba kichwani akiwaacha watoto watembee, na kwamba yeye alilisamehe lile, ila hili hatalisamehe. Siku ya kumi Marcellin alitia kichupa mfukoni akaenda.

Jean-Claude alikuwa amefika, hadubini magotini, imesuguliwa rangi yote. Hawakusalimiana. Marcellin hakumkabidhi lenzi. Aliifunga mwenyewe, mizunguko mitatu.

Mama Scholastique aliweka ngozi ya kitunguu kwenye kioo, akageuza kioo cha chini cha kuakisi mwanga kuelekea dirishani, akainama. Vidole vyake vilitafuta mwanga.

"Iko inaona," alisema.

Akamwita Jean-Claude atazame, kisha Marcellin. Marcellin aliona vyumba vidogo vidogo, vimepangwa mstari kwa mstari kama matofali ya ukuta. Anasema hajawahi kuona kitu kizuri vile, na hapohapo alichukia kwamba Jean-Claude alikiona kwanza.

Bibi alikuwa akiwasoma nyuso. "Nilizaa watoto saba," alisema. "Sijaona hata wawili wanagombania titi namna hii. Muniachie ikae nzima hapa, mpaka jicho langu lifunge."

Jean-Claude alikubali mara moja. Wote wakamgeukia Marcellin. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya lenzi, na anakiri kwamba alikwisha kuizungusha mzunguko mmoja. Akaurudisha. Akatoka bila kuaga, kichupa kitupu kikigongana na koleo mfukoni.

Sasa, kila alasiri akifunga meza, hupita kwa Mama Scholastique. Humpelekea nzi, unga wa chavua, uzi wa buibui, chochote cha kutazama, na humpeleka kliniki ya macho kwa gharama zake. Majirani wanamsifu kwa moyo wake mwema. Anasikiliza sifa hizo huku anainamisha uso, maana mwenyewe anajua kilichomo.

Mizani ya yule mnunuzi imetulia sasa, sahani zote sawa. Anaulizwa anatarajia nini mbele. Anafuta mikono.

"Ninataka jicho la Mama likae wazi ata miaka kumi, dix ans," anasema. "Ninamupenda, ile ni kweli. Na ile dix ans yote, Jean-Claude hatakuwa na ile mikroskope."