Mhasi Madume wa Rongai na Jumamosi ya Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyasi za Rongai bado zina umande, na Kipkemei arap Sigei amemshika dume mchanga kichwa. Anamgeuza shingo, anamwegemeza kwenye mbao za zizi, kisha anamwita mwenzake Micah alete koleo. Koleo linabana mishipa ya korodani bila kukata ngozi. Mnyama ananguruma mara moja, anaachiliwa. Kuanzia leo ni maksai.

Asubuhi hii ya mwaka 1956 watahasi kumi na mmoja. Mwaka juzi, Kipkemei hakuweza kumshika hata mmoja.

Ana miaka thelathini na mmoja. Ameajiriwa katika shamba hili la mzungu tangu mwaka 1946, kwa shilingi arobaini kwa mwezi na posho. Mkataba unamruhusu kujenga nyumba shambani na kuchunga ng'ombe wake saba, mradi awe na nguvu za kazi. Nguvu zikiisha, nyumba na malisho huisha pamoja nazo.

Zilianza kuisha mwaka 1951. Alishikwa na matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu ambao wengi huupata utotoni. Mashavu yalipoa baada ya wiki moja. Lakini korodani nazo zilikuwa zimevimba, na zilipopoa zikanywea. Hakumwambia mtu.

Miaka iliyofuata ndevu ziliacha kuota, mikono ikalegea, kifua kikawa laini. Alisinzia mchana, na hamu ya mke ikamtoka. Wakamuaji wa maziwa walimtania: "Arap Sigei, nani alikuhasi? Ama ulijibana mwenyewe?" Alicheka pamoja nao, anasema, kwa sababu asiyecheka huulizwa zaidi.

"Mimi najua maksai," anaeleza. "Dume mkubwa ukimhasi, anakula vizuri tu. Lakini shingo inapungua pole pole, hataki kupigana. Hiyo kitu nilikuwa naiona kwa mwili wangu, na hakuna mtu alinigusa."

Wazee wa kwao walisema madume wamemlaani. Alichinja kondoo, akaweka koleo chini, akaomba kazi ya kubeba madebe ya maziwa. Akazidi kudhoofu.

Wapo waliomsitiri. Micah alishika vichwa vya madume peke yake kwa miezi mingi kabla ya hapo, na nyapara alipouliza, alijibu kwamba wanapokezana. Chepngeno, mkewe, aliendelea kumwekea maji moto, sabuni na wembe mlangoni kila Jumapili, majirani waone, ingawa hapakuwa na ndevu za kunyoa.

Mwaka jana Kipkemei alikwenda hospitali mjini Nakuru akiwa na jeraha la mguu. Dresa aliyemfunga kidonda, Ishak Farah, alikitazama kidevu chake, akafunga mlango, ndipo akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi.

Daktari alimpima. Alimweleza kwamba korodani hutengeneza kitu kiitwacho testosteroni, kinachompa mwanamume misuli, ndevu na hamu. Zake zimeharibika, hazikitengenezi vya kutosha. Ipo sindano yake. Alimwambia pia, bila kumficha, kwamba sindano hiyo haitamletea watoto.

Alichomwa sindano moja. Baada ya siku chache usingizi wa mchana ulipungua. Hakurudi tena hospitali, na si kwa woga.

"Ng'ombe tunamchanja sotoka mara moja, basi, imekwisha," anasema. "Nilifikiria na mimi nimechanjwa."

Miezi miwili baadaye alikuwa amerudi pale pale, na wazee wakasema walikwisha kumwambia kwamba ni laana ya madume. Ni Chepngeno aliyepanda naye lori la maziwa hadi Nakuru. Ishak hakumkaripia. Alimuuliza ng'ombe hulamba chumvi mara ngapi.

"Kila wakati wanaitaka," Kipkemei alijibu.

"Basi hii ni chumvi, Arap Sigei, si chanjo. Mwili wako hauna yake. Ukiacha kulamba, unarudi chini."

Tangu siku hiyo hupanda lori kila Jumamosi ya tatu, yaani kila baada ya wiki tatu, kwenda kuchomwa sindano. Nguvu hazikurudi kwa siku moja. Kwanza aliweza kukesha na ng'ombe anayezaa, baadaye wembe ukapata kazi, na kabla mwaka haujaisha alimwomba nyapara koleo lake.

Chepngeno hamtaji mumewe kwa jina, kama ilivyo desturi yao. Akiulizwa habari zake, hufunika mdomo kwa leso na kucheka. "Mwenye boma amerudi," anasema. Kuhusu watoto, anaonyesha wanne wa dada yake wanaolala kwake. Nyumba, anasema, haina kimya.

Sasa kuna jambo jingine. Hadi leo nyapara amekuwa akimruhusu bila maswali, akiamini ana mwanamke mjini. Mikataba itaandikwa upya mwezi wa kwanza, na mwenye shamba ametangaza kwamba kila anayetaka kutoka Jumamosi ataeleza sababu mbele yake, wenzake wote wakiwa kwenye mstari. Chepngeno anaogopa. Wanaume watacheka upya, na mzungu anaweza kumwona mgonjwa na kumfukuza. Micah anamshauri aseme ana kesi barazani.

Kipkemei amekataa. Kesi huisha, anasema, na sindano haiishi. Tena mwaka huu vijana wawili wa zizini wamevimba mashavu, na yeye alipoteza miaka minne kwa kunyamaza.

Ishak amemsaidia kupanga maneno, nayo si mengi. Amekwisha kuyasema mbele ya Micah, ambaye hakucheka.

"Nitasema korodani zangu ziliharibiwa na matubwitubwi," anasema, akifuta koleo kwa gunia. "Nitasema hospitali inanipa nguvu ambazo mwili hautengenezi, kwa hivyo nahitaji siku moja kila wiki tatu. Siku zingine zote ni za ng'ombe wake."