Pua ya Clement Yapp

Clement Yapp hakuwa mtu wa maneno mengi, na kwa mwenye baa, hiyo ni kasoro. Baa ya Plau ilikuwa mikononi mwake miaka thelathini na mmoja, hapa Stretbury, Uingereza, mji wa kanisa moja na mnada wa kondoo kila Jumanne, ambako watu wanajuana mpaka majina ya mbwa. Alizaliwa mtaa wa nyuma ya kanisa. Ujanani alifanya kazi ya kushusha mapipa kutoka gari la kiwanda cha bia, akamwoa Enid, na wawili hao wakaichukua Plau wakati paa linavuja. Mabomba niliwafungia mimi. Naitwa Denzil, ni fundi bomba, na tangu siku ile sikunywa kwingine.

Bia ya Clem ilikuwa bia ya pipa, ile isiyotiwa gesi, inayofika ikiwa bado hai na kumalizia kuiva kwenye stoo ya chini. Lazima ilale siku mbili mashapo yatulie, na ukishalifungua pipa una siku tatu tu kabla bia haijaanza kuchacha. Mashine ya kukwambia hakuna. Ni pua. Kila asubuhi Clem alishuka ngazi, akajitilia nusu glasi, akanusa, akaonja, akatema, ndipo akapanda juu kunywa chai. Enid alizoea kutuambia, "Huyu mume wangu kanusa mapipa kuliko alivyoninusa mimi." Clem naye hujibu, "Mapipa hayanuni."

Juu ya kaunta alipigilia ubao alioandika mwenyewe: BIA IKIWA MBAYA IRUDISHE. SIBISHANI. Na kweli habishani. Ukiirudisha, anaipokea, anaimwaga, anakutilia nyingine bila hata kukunja uso. Katika miaka yangu yote niliona glasi nne tu zikirudishwa, na moja ilikuwa ya mlevi.

Enid alikufa mwezi wa Oktoba. Februari, Clem akapigwa na mafua, akalala wiki mbili. Alipona, akafungua baa, akatutilia kama kawaida. Ila mafua yaliondoka na pua yake, naye hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sijui walisema nini juu ya wale wanaomsaidia kuficha.

Sisi tuligundua kuna tatizo mwezi wa Machi. Tulikuwa watatu kwenye meza ya dirishani: mimi, Mavis Pugh aliyesambaza barua mji huu mpaka magoti yakamgomea, na Godfrey mfugaji wa kondoo. Mavis alionja, akaiweka glasi chini taratibu.

"Godfrey, hebu onja yako."

"Nimeshaonja."

"Siki."

"Siki tupu. Mwagia chipsi ule."

"Sasa nani anairudisha?"

Godfrey akaangalia kofia yake. Mimi nikaangalia dirisha. Clem akatokea na kitambaa chake begani, akatuuliza swali alilotuuliza kila siku ya Mungu: "Iko sawa?"

"Nzuri tu, Clem, asante," tukasema, wote watatu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

Ndivyo tulivyo. Mji huu mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayeomba radhi. Ukiulizwa chakula kikoje unasema kizuri tu, hata kama kimekukwama kooni. Na huyu alikuwa amezika mke juzi. "Nitamwambia wiki ijayo," alisema Godfrey tulipotoka. Wiki ijayo ilipofika nikasema mimi ndiye nitakayemwambia. Nakasirika hata ninapoandika haya.

Maana ona tulichofanya. Kwa kuwa bia ilikuwa mbaya, tulikunywa nusu. Kwa kuwa tulikunywa nusu, pipa halikuisha kwa siku tatu, likakaa tano, kisha saba, na bia ikazidi kuchacha. Wengine wakahamia wiski. Mavis alikuwa anamwagia yake kwenye ua lililokuwa dirishani, na kufika Mei lile ua likafa. Clem alilitupa, akasema huenda alilinyima maji.

Kuna chama cha wapenzi wa bia ya pipa kinachotoa kitabu kila mwaka, chenye orodha ya baa zinazofaa. Plau ilikuwamo miaka ishirini na miwili mfululizo. Mwezi wa Julai, nikiwa nimelala chini ya sinki lake nabadilisha bomba, Clem alikaa kwenye kreti akaniambia, "Denzil, wakinitoa kwenye kitabu nafunga. Enid hayupo. Kazi ndiyo niliyobaki nayo, na kile kitabu ndicho kinachoniambia bado naijua."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Tulikuwa wawili tu. Nikamwomba spana.

Jumamosi moja ya Agosti, saa saba mchana, akaingia mwanamke tusiyemjua, mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Akaagiza glasi, akaonja, akausoma ule ubao, kisha akafanya ulivyosema. Aliirudisha kaunta.

"Samahani sana, baba. Nadhani hii imechacha."

Clem akaipokea. Akaiinua kwenye mwanga; ilikuwa safi, haina hata uchafu. Akanusa. Akanywa. Nilikuwa namtazama usoni, na uso wake haukupata habari yoyote. Basi, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, akabisha. Alizunguka kaunta na ile glasi mkononi, akaja mpaka mezani kwetu.

"Denzil, onja. Mwambie dada hapa."

Nikaonja. Meno yakafa ganzi. Clem alikuwa amesimama juu yangu, na baa nzima inatutazama.

"Nzuri tu, Clem," nikasema.

Yule mwanamke alinitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alimshukuru Clem, akaandika kitu kwenye daftari lake, akachukua mkoba akatoka. Clem akabaki palepale, na macho yake yakashuka kwenye meza yetu. Tulikuwa tumekaa saa nzima, na glasi tatu bado zimejaa. Mwenye baa hahitaji pua kusoma glasi.

"Tangu lini?" akauliza.

Mavis alikuwa ameshaanza kulia. "Tangu Machi, Clem wangu."

"Miezi mitano." Akavuta kiti akaketi, jambo ambalo hakulifanya kamwe baa ikiwa wazi. "Mimi sinusi kitu, jamani. Tangu yale mafua. Nashuka kule chini asubuhi nakisia tu, halafu nasubiri mje niwaulize. Kila siku si nawauliza? Nyie ndio mlikuwa pua yangu."

"Tulikuonea huruma, mzee," akasema Godfrey.

"Najua," Clem akasema. "Najua, Godfrey."

Alasiri hiyo aliyamwaga mapipa yote peke yake. Nilitaka kumsaidia akanifungia mlango wa stoo. Kitabu kilipotoka, Plau haikuwamo, na kabla mwaka wa msiba wa Enid haujaisha vizuri, milango ilifungwa. Sasa wamepagawanya vyumba vya kupangisha. Mezani kwetu pana jiko la mtu. Godfrey hunywa kwake, Mavis hatoki tena, na mimi nimegundua kwamba watu niliowaita rafiki zangu nilikuwa nakutana nao kwa sababu ya Clem tu.

Novemba nikajikaza, nikaenda kumtembelea. Wamempa nyumba ya chumba kimoja nyuma ya uwanja wa mnada, kwenye makazi ya wazee. Alinifungulia bila kinyongo usoni, na hilo liliniumiza zaidi. Akaweka birika, akatia chai vikombe viwili, akamimina maziwa. Nikainua kikombe. Harufu ilinifika kabla hakijagusa mdomo.

"Iko sawa?" akauliza.

Nilihisi neno likija lenyewe, lile lile. Nikalimeza.

"Clem, maziwa yameharibika."

Akachukua kikombe changu na chake, akaenda kwenye sinki akamwaga vyote, akafungua maji.

"Maneno matatu tu, Denzil," alisema, amenipa mgongo, bado anasuuza.