Nilivyompita mkwe wangu uwanjani Mgwashi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au rafu

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeukalia muda mrefu kwa sababu mhusika mkuu alikuwa hai, na mimi sina ubavu wa kumwandika mkwe wangu akiwa hai. Sasa ametangulia, Mungu amrehemu, naweza kupumua.

Hii sio chai, yaani sio hadithi ya kutunga, ingawa wapinzani wetu walikuwa timu ya shamba la chai. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinikimbize.

Nianze na timu yetu.

Uhuru ulipokuja, mwalimu mmoja wa shule ya msingi pale Mgwashi, huko milimani Usambara, akaanzisha klabu akaiita Rovers. Hakuna aliyejua maana yake. Wazee wakadhani ina uhusiano na Landrover ya bwana shamba, wakachangia kwa moyo wote wakisubiri gari. Gari halikuja.

Ujamaa ulipoingia tukaambiwa majina ya kizungu basi. Kikao kikakaa toka asubuhi mpaka adhuhuri, tukatoka tunaitwa Jembe. Mimi nilipigia kura Simba Mlima, nikazomewa.

Msije mkauliza kama tulikuwa professional. Malipo yetu yalikuwa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, na ukifungwa chai inakuja haina sukari.

Mimi nilikuwa winga wa kulia, namba saba. Nilikuwa na mbio, wakuu, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu walioniona wengi wameshakufa hawawezi kubisha.

Sasa mwaka huo tukapangiwa kucheza na Majani, timu ya wafanyakazi wa shamba la chai. Mshindi anakwenda kuwakilisha tarafa wilayani Lushoto. Kijiji kizima hakikulala.

Lakini akili yangu ilikuwa kwa Zaina. Wazee wangu walikuwa wameshapeleka posa kwao, jibu bado. Baba yake, Mzee Athumani, alikuwa nyapara kule shamba la chai. Mtu mkimya, kofia yake haitoki kichwani, na ukikosea adabu mbele yake anakumbuka mpaka kizazi cha tatu.

Kocha wa Majani alikuwa mtu wa Songea anaitwa Komba. Alikuwa mgeni kwetu, na mgeni mwenye macho anaona vitu ambavyo nyie mmevizoea. Aliona jinsi sisi Wasambaa tunavyowaogopa wakwe. Halafu akasikia habari za posa yangu.

Siku ya mechi timu zinaingia, nikatupa macho upande wangu. Namba tatu wao ni Mzee Athumani!

(Namba tatu ya uwanjani, vijana. Sio beki tatu mnayemjua nyie, yule dada wa kazi za ndani.)

Mzee kavaa kaptula ya khaki imefika magotini, na kofia yake kichwani. Mpira alikuwa ameacha kabla ya Uhuru.

Fikirini wenyewe. Unampigaje chenga mtu ambaye wazee wako wako mlangoni kwake wanaomba binti? Ukimpiga tobo je? Mpira upite katikati ya miguu ya baba mkwe, kijiji kizima kinaangalia?

Nilimwamkia kabla ya mpira kuanza, akaitika vizuri. Baada ya hapo ilikuwa msiba. Kila nikipata mpira nakutana naye, nasimama, narudisha nyuma. Kuna mara moja alikuja akanitolea mpira miguuni taratibu, akasema, "Asante mwanangu." Nami nikajibu, "Karibu baba."

Mwalimu wetu alikuwa anapiga kelele pembeni mpaka sauti ikakauka. "Mpite! Mpite huyo!"

Nilishindwa. Bila bila. Ikapangwa marudio wiki inayofuata, uwanjani kwetu.

Nikajipa moyo kwamba angalau posa iko salama. Kesho yake akaja shangazi yake Zaina, akakataa hata kukaa.

"Nimetumwa," akasema. "Zaina anasema hivi: baba akiwa nyumbani ni baba, akiwa uwanjani ni beki. Kama huwezi kumpita, posa ikikubaliwa yeye atakataa."

"Shangazi, nikimpita si mzee ndiye atakayekataa?"

"Hayo ni ya kwako," akasema, akaondoka.

Wakuu, nilikonda. Nikimpita baba nakosa mke, nisipompita nakosa mke.

Wiki ikaisha. Siku ya marudio nilichelewa kutoka shambani, nikakuta timu zimeshapangwa, nikaingia mbio. Kipindi cha kwanza nikakaa mbali na upande wangu kama mtu anayekimbia mvua. Cha pili kinakwenda kuisha, bado bila bila. Mara kiungo wetu akanitupia mpira mrefu, ukatua miguuni, nikainua kichwa.

Mzee Athumani huyo hapo mbele yangu. Nyuma yake hakuna mtu, ni golikipa tu.

Naapa sikupanga. Ila nilikuwa nimechelewa, siku nzima sijamwamkia, na kwetu huwezi kukutana uso kwa uso na mzee ukapita kimya. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikainama kidogo:

"Shikamoo, tate."

Tate kwetu ni baba.

Mzee akasimama wima. Akakusanya miguu, akaweka kofia sawa. "Marahaba mwanangu. Wazazi hawajambo?"

Anamaliza swali mimi nimeshampita. Lakini kuulizwa hali ya wazazi ukanyamaza nako ni utovu wa adabu, kwa hiyo nikapaza sauti, "Hawajambo, baba!" huku napiga.

Bao.

Komba akaingia uwanjani anakimbia. "Refa! Amemwamkia! Amemwamkia mchezaji wangu!"

Refa alikuwa bwana shamba, mtu wa kufuata sheria. Akamuuliza, "Sheria gani inakataza shikamoo?"

"Ametumia adabu kufanya utapeli!"

Watu wote wakageuka kumwangalia Mzee Athumani. Akisema nimemdharau, posa imekufa pale pale.

Mzee akasema, "Mtoto ameamkia. Mlitaka asiniamkie?"

Kisha akamgeukia Komba. "Nitoe. Nimechoka kuitika."

Tukashinda. Huko wilayani tulipigwa mpaka tukasahau jina letu. Baadaye wenzetu wakatawanyika, uwanja ukawa shamba la kijiji, wakapanda viazi, na Jembe ikafa hivyo.

Posa ilijibiwa baada ya mavuno. Mzee alikubali bila kusema neno lolote kuhusu mpira.

Ila wakuu, toka siku ile, kila nikimwamkia, haitiki mara moja. Anaangalia kwanza miguu yangu. Akiridhika kwamba imetulia ndipo anasema marahaba. Miaka yote! Sikukuu, msibani, hata nikimpelekea wajukuu.

Mara ya mwisho alikuwa kitandani, kichwa hakiinuki tena. Nikaingia, nikasema shikamoo tate. Macho yake yakashuka polepole mpaka miguuni kwangu, yakakaa hapo. Kisha akaitika.

Nilitoka nje nikalia, na katikati ya kulia nikacheka, nikaogopa watu wataniona.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kumheshimu mtu na bado ukampita, ila usitegemee atasahau.

Bi Zaina yuko hapa pembeni, anasema yeye angempiga tobo tu yaishe.

Sasa nyie mnaojua sheria za mpira na za ukwe, nisaidieni: ile ilikuwa adabu au rafu? Leteni hoja, matusi kaeni nayo.