Kadi Iliyochanwa Kona

Kwa miaka kumi na tisa, Mama Kidirisha amepokea mashuka ya hospitali bila kumruhusu mtu wa wodini kutia mguu ndani ya chumba cha kufulia. Wanagonga kidirisha, wanasema shida yao, wanaishia hapo hapo nje.

Kazi ya ndani ni ya Chapuchapu, mwanamke mwembamba anayekaa kwenye kigoda chini ya kidirisha, mkononi kadi iliyochanwa kona. Akiitwa na Mama Kidirisha, anaitupa, anachukua kadi nzima na kumpelekea fundi wa mashine. Fundi akiiona kadi nzima anawasha mashine zote nne. Kisha Chapuchapu mwenyewe anaichana kona, fundi anazima, naye anarudi kukaa.

Asubuhi ya mtihani wa mdomo Mama Kidirisha alimjia juu.

"We dada, nani kakutuma kuchana? Mashine ndiyo kwanza zimechanganya!"

"Nisipochana mimi, huyu bwana atafua mpaka yaliyokauka. Nenda kwenye mtihani wako huko, usinitie mkosi."

Mtihani huo wa chuo cha wauguzi, anakosoma jioni, Mama Kidirisha alikuwa ameshaanguka mara mbili, kwa swali lile lile. Akianguka tena, jina linafutwa.

Daktari mwenye miwani hakumpa hata nafasi ya kumeza mate. "Adrenalini imefika kwenye seli ya moyo. Inaingiaje?"

Mara mbili zilizopita alikuwa ameieleza njia ya kuingilia, tena kwa madaha. Safari hii akilini alimwona mtu wa wodini amesimama nje na furushi lake.

"Haiingii, daktari. Inashika kipokezi kwenye utando wa seli. Kipokezi kinabadilika umbo, na protini ya G iliyo upande wa ndani inaachia GDP, inachukua GTP yenye fosfeti moja zaidi, inakwenda kuamsha kimeng'enya. Kimeng'enya kimoja kinatengeneza molekuli za ujumbe chungu nzima, na moyo unaenda mbio."

"Vizuri. Nani anaiambia protini iache kuamsha?"

Ukurasa huo alikuwa ameusoma huku anasinzia. Alitafuta jina la mkubwa yeyote ndani ya seli anayeweza kutoa amri, hakumpata. Aliyemjia kichwani ni yule mbishi wa kigodani.

"Hakuna anayeiambia," alisema polepole. "Inaichana kadi yenyewe."

"Kadi?"

"GTP, daktari. Inakata fosfeti moja, inabaki GDP, kimeng'enya kinatulia, nayo inarudi kwenye kigoda chake."

"Kigoda hakimo kitabuni," daktari alisema, akiandika. Lakini alikuwa anacheka. "Umepita, mama."

Aliporudi, Chapuchapu alikuwa amekaa pale pale. "Enhe?"

"Nimepita! Na kuanzia leo, chana mpaka mikono iume."

"Ala! Na asubuhi nilikuwa mharibifu?"

Kidirisha kikagongwa. Mama Kidirisha alifungua akiwa bado na viatu vya mtihani, na Chapuchapu akaitupa kadi yake iliyochanwa kapuni.